Unga Wangu, Jina la Sikujua

Kwetu Kadutu, mjini Bukavu, asubuhi inaanza kwa kelele za mabidoni, yale madumu ya maji. Kabla kengele ya misa ya kwanza haijalia, watoto wa avenue yetu wote wako njiani kuteremka kwenye chemchemi, na anayechelewa anakuta foleni imefika kwenye kibanda cha kinyozi. Mimi naitwa Bijou. Mwaka ule nilikuwa darasa la sita, na kila siku niliteremka na Sikujua, jirani yangu na mwenzangu wa dawati. Tukiteremka tulicheka. Tukipanda tulinyamaza, maana mlima wa kwetu haumwonei mtu huruma.

Naongea sana, hilo nalikubali, hata mwalimu alishaliandika kwenye bulletin yangu, ripoti ya shule. Lakini habari hii nilikaa muda mrefu bila kuisimulia kwa sababu inanitia haya. Leo naisimulia kwa kuwa nina watu wa kushukuru, na siwezi kuwashukuru bila kusema nilichofanya.

Mama yangu, maman Colette, anauza unga wa muhogo sokoni kila Jumamosi. Mihogo yake ni ile michungu inayolimwa Nyangezi, kwa koko yangu, yaani bibi yangu. Watu wanaipenda kwa unga wake mweupe, na wezi hawaigusi shambani kwa sababu haiwezi kutafunwa mbichi. Maman haifanyii haraka. Anaimenya, anailoweka ndani ya pipa siku tatu, anabadilisha maji kila asubuhi, kisha anabonyeza muhogo kwa kidole. Ukivunjika laini ndipo anaitoa na kuianika.

Mwezi wa Juni koko aliugua. Siku ya Jumatatu maman alimfunga mgongoni mdogo wangu Gracien, mwenye miaka minne, akachukua mfuko wake, akanigeukia mlangoni.

"Bijou, mihogo iko mu pipa. Siku tatu. Kila asubuhi unamwaga maji, unaweka mengine. Usitoe mbele ya siku tatu, umesikia?"

"Nimesikia, maman."

"Kusikia haitoshi. Ufanye."

Sasa, lile pipa linataka mabidoni manne ya maji. Na Juni ni kiangazi, bomba la avenue lilikuwa limekauka, foleni ya chemchemi haikuisha. Juu ya hayo, shule yetu ilikuwa inafanya mazoezi ya bale, ngoma ya siku ya proklamasyo, siku ile wanapotangaza matokeo ya mwaka. Mimi nilikuwa nimepewa nafasi ya mstari wa mbele. Mstari wa mbele! Anayekosa mazoezi mara mbili anarudishwa nyuma, na nyuma yangu alikuwepo Elodie akiningojea niteleze.

Jumanne asubuhi nilibonyeza muhogo. Ulikuwa mgumu kama jiwe. Nikajiambia kwamba jua la Juni ni kali, litamaliza kazi lenyewe. Nikatoa mihogo yote, nikaikatakata, nikaianika juu ya turubai, nikakimbilia bale. Papa, ambaye ni fundi wa kujenga na hutoka nyumbani mapema, hakuona kitu.

Maman alirudi Ijumaa, amechoka, vumbi hadi kwenye nyusi. Koko alikuwa amepata nafuu. Aliiangalia mihogo iliyokuwa juani, akanishika bega.

"Ulibadilisha maji?"

"Ndiyo, maman. Kila asubuhi."

"Aksanti, mutoto wangu. Weye ni mukubwa sasa."

Niliinama, nikajifanya nafunga kamba ya kiatu.

Mihogo ilisagwa Jumanne iliyofuata. Ilijaza magunia mawili, nayo yalisubiri Jumamosi. Jioni ile ile maman alisonga bugali, yaani ugali, wa unga mpya, tukala na sambaza, dagaa wa ziwani. Bugali ulikuwa na uchungu kidogo. Papa alisema labda ni sufuria. Mimi nilikula matonge mawili nikasema nimeshiba.

Hapo ndipo anapoingia mademoiselle Aimée. Alikuwa mtoto wa mtaa wetu, akasoma kemia hadi ng'ambo, kisha akarudi kufundisha chuo kikuu hapa hapa Bukavu. Mwalimu wetu, mwalimu Anaclet, alikuwa ametuambia kila mmoja alete kikombe cha unga wa muhogo kutoka nyumbani kwake, kikiwa na jina. Jumatano asubuhi tulivipanga vikombe dirishani, kila kimoja na kikaratasi kilichofungwa kwa mpira. Mademoiselle Aimée akaingia na boksi dogo, akatoa kipande cha karatasi ya njano, si kirefu kuliko kidole.

"Hiki kitatuambia kama unga una sumu," alisema.

Darasa likacheka. Karatasi inaongea?

"Haiongei. Inageuka rangi. Njooni watu kumi hapa mbele."

Tukajipanga. Nilikuwemo, na Sikujua pia.

"Nyinyi ni molekuli," alisema. "Molekuli ni chembe ndogo mno, huwezi kuiona hata kwa hadubini ya shule. Kwenye karatasi hii nimeweka molekuli za rangi. Moja moja, zikitawanyika, rangi yake ni nyekundu. Lakini zikikutana zinajipanga zenyewe. Shikaneni mikono."

Tukashikana.

"Kuna gundi hapo? Kuna kamba?"

"Hapana, mademoiselle!"

"Basi nazo ni hivyo. Zinashikana bila gundi, safu baada ya safu, na kundi zima linaupokea mwanga kwa namna nyingine kabisa. Ndiyo maana sasa karatasi ni ya njano." Akamwita Akilimali, ambaye hana utulivu hata akiwa kanisani. "Wewe ni sianidi. Ndiyo sumu iliyomo ndani ya muhogo mchungu. Pita katikati yao."

Akilimali hakungoja kuambiwa mara mbili. Alitupasua kwa mabega, mikono ikaachana, Sikujua akaangukia dawati, darasa zima likalipuka kwa kicheko.

"Mmeona? Sianidi ikiingia, molekuli zinaachana. Kundi likivunjika, rangi inageuka nyekundu. Sisi tunachofanya ni kusoma mwanga tu. Kuna wenzangu wanaotengeneza karatasi kama hizi za kupima zebaki ndani ya maji, na nyingine zinazojua samaki ameanza kuoza kabla pua yako haijajua."

Mwalimu Anaclet akauliza, "Na unga unapataje sumu, mademoiselle?"

"Hauipati, mwalimu. Muhogo mchungu umezaliwa nayo. Maji ndiyo yanayoiondoa, ukiuloweka siku tatu mpaka ulainike. Watu wengine wanautoa mapema, wanadhani jua litamaliza. Jua linakausha tu. Sumu nyingi inabaki, na mtoto mdogo anaweza kutapika, kuzimia, hata miguu yake kupooza moja kwa moja."

Nilikitazama kikombe changu cha unga ule mpya pale dirishani. Niliona magunia mawili ya maman. Niliona darasa zima likisema: mama yake Bijou anauza sumu sokoni. Tena niliona maman akinigeukia na kuniuliza tena lile swali la maji. Hili la mwisho ndilo lililoniogopesha kuliko yote, nasema kweli.

Kengele ya mapumziko ikalia. Wote wakatoka mbio. Mimi nikarudi kama mtu aliyesahau kalamu, nikavua kikaratasi chenye jina langu, nikavua na cha kikombe kilichokuwa jirani, nikavibadilisha mahali. Sikusoma hata ni jina la nani. Mpira uliniruka mara mbili.

Baada ya mapumziko mademoiselle Aimée alitia kila unga kwenye kichupa, akaongeza maji, akaning'iniza karatasi chini ya kifuniko. Tulisoma hesabu huku tukichungulia vichupa. Somo lilipokwisha, karatasi karibu zote zilikuwa za njano bado. Moja tu ilikuwa nyekundu kama nyanya.

Alisoma jina polepole. "Sikujua Amuri."

Ee Mungu wangu. Nilitamani sakafu inifiche.

Sikujua hakulia. Alisimama tu, akiangalia ile karatasi kama vile imemwita jina baya. Mademoiselle Aimée alimwambia kwa upole awaambie wazazi wake waache kula unga ule, na kwamba angepita kwao Ijumaa. Kwenye njia ya kurudi nyumbani watoto walikuwa wameshampa jina: Sumu. "Sumu, usinishike!" Mimi nilitembea kando yake bila kusema neno, mimi ninayeongea sana.

Kesho yake asubuhi, kwenye chemchemi, aliniambia, "Maman amemwaga unga wote mu shimo. Ulikuwa wa kula wiki mbili. Jana tulikula viazi. Papa anasema mtu wa sokoni alitudanganya. Lakini Bijou, koko yangu analia, anasema yeye ndiye aliyeuchagua ule unga."

Mnajua nilijibu nini? Nilijibu, "Pole." Neno moja. Naona haya hadi leo.

Nyumbani nilijaribu njia ya mkato. "Maman, leo tule ndizi. Bugali unaniumiza tumbo."

"Unga wote huu, weye unataka ndizi? Watoto wa siku hizi!" Akacheka, akaendelea kumkorogea Gracien uji wa ule ule unga. Nilikuwa na nafasi ya kusema. Kengele ya shule ikalia, nikakimbia.

Nilirudi saa saba mchana. Kutoka chini ya ngazi za udongo nilisikia maman akiita majirani. Gracien alikuwa ametapika mara tatu. Macho yake yalikuwa yanazunguka, na maman alipomsimamisha, miguu ilimkunjika kama ya mtoto wa miezi sita. Kila jirani alikuwa na la kusema. Mmoja alisema ni malaria, mwingine minyoo, mwingine alinong'ona habari za uchawi. Maman hakusikiliza mtu. Alimbeba, tukashuka mbio hadi kituo cha afya.

Mwuguzi, papa Bisimwa, alimpima malaria. Hakuna. Akamshika tumbo, akamwangalia macho, akakunja uso.

"Maman, mutoto amekula nini?"

"Uji, docteur. Na jana bugali, kama siye wote."

"Hakuna dawa aliyokunywa? Hakuna kitu alichookota?"

"Hakuna, nakuapia."

Papa Bisimwa akagonga kalamu juu ya meza. Gracien alilala pale, kifua kinakwenda haraka haraka, midomo haina rangi. Nikaelewa kwamba yule mtu mzima, mwenye koti jeupe na kazi ya miaka mingi, hakujua. Mimi nilijua. Ndani ya chumba kile mimi peke yangu ndiye niliyejua, na kila pumzi niliyonyamaza ilikuwa inampunguzia mdogo wangu muda.

"Ni mihogo," nikasema.

Maman akageuka. "Nini?"

"Sikuiloweka siku tatu. Niliitoa siku iliyofuata, kwa ajili ya bale. Sikubadilisha maji hata mara moja. Ile karatasi nyekundu ya shuleni ni ya unga wetu, si ya Sikujua. Nilibadilisha majina. Maman, ni mimi!"

Yote yalitoka kwa mkupuo, pamoja na kamasi na machozi. Nilingoja kofi. Papa Bisimwa hakungoja kitu. Alishainuka, akaita mwenzake alete chupa ya oksijeni, akampigia simu daktari wa hospitali kubwa, akasema neno sianidi, akaandika alichoambiwa. Wakamwekea Gracien kinyago cha hewa na seramu, yaani dripu, mkononi. Baadaye gari la wagonjwa likaja, likampeleka hospitali alikoongezewa dawa nyingine. Maman alipanda naye. Kabla mlango haujafungwa alinitazama, wala si kwa hasira, nami nisingeshangaa kama ingekuwa hasira. Alinitazama kama anayenihesabu, kuhakikisha nipo.

Jioni jua likiwa bado juu ya ziwa, papa alinipeleka kumwona. Gracien alikuwa ameketi kitandani, anadai ndizi, tena anamdai daktari mwenyewe. Daktari alimshusha chini, akamwambia atembee hadi dirishani. Alitembea. Aliyumba kidogo, akafika, akagonga kioo. Sijawahi kushukuru kitu kama nilivyoishukuru ile miguu miwili midogo michafu.

Maman alinivuta kando. "Yale magunia mawili," alisema. "Jumamosi ningeyafungua. Ningewapimia watu, na watoto wao. Bijou, umenidanganya, na hilo tutaliongea nyumbani, usifikiri limekwisha. Lakini leo umesema. Umesema wakati kusema kulikuwa kunasaidia. Aksanti." Akanikumbatia hadi mbavu ziliniuma.

Ijumaa, baada ya papa kumweleza, mademoiselle Aimée alikuja kwetu badala ya kwenda kwa kina Sikujua. Alinipa mimi karatasi na kichupa. "Pima mwenyewe." Nilipima gunia la kwanza, nikapima la pili. Karatasi zote mbili nyekundu. Papa na maman wakabeba magunia wenyewe, wakachimba shimo refu, wakafukia. Mimi nilishika jembe pamoja nao.

Kisha tukaenda shuleni. Nilisimama mbele ya darasa, mahali pale pale tulipokuwa tumeshikana mikono, nikasema yote. Hakuna aliyecheka, hata Akilimali. Niliposema, "Sikujua, nisamehe," yeye alitazama dirishani.

"Mademoiselle," Elodie akauliza, "kwa hiyo karatasi ilikosea?"

"Haikukosea hata kidogo," alijibu. "Molekuli zangu zilifanya kazi yao. Zilikutana na sianidi, zikaachana, zikageuka rangi. Lakini hazijui kusoma majina. Jina ni kazi yetu sisi watu. Nimetumia miaka sita kutengeneza karatasi hii, na Bijou aliiharibu kwa mpira mmoja na dakika moja. Wala sisemi hivi kumwaibisha. Nasema ili mjue kwamba chombo chochote cha sayansi, kiwe cha gharama namna gani, kinamtegemea yule anayesema: hiki kimetoka hapa, na nilikifanyia hivi. Akidanganya, hata jibu sahihi linaumiza watu." Akaniangalia. "Na aliposema ukweli, mwuguzi akapata dawa. Bijou, mimi pia nakushukuru. Karatasi yangu peke yake isingemwokoa mdogo wako."

Adhabu niliipata. Nilitolewa kwenye mstari wa mbele wa bale, Elodie akaingia. Na kila asubuhi kwa wiki mbili nilibeba bidoni la kwanza nikalipeleka kwa kina Sikujua kabla ya yetu. Siku ya kwanza alinifungulia mlango bila salamu. Siku ya nne alisema, "Weka pale." Siku ya saba aliteremka nami, na tukiwa kwenye foleni mtoto mmoja akamwita Sumu. Nilimgeukia yule mtoto nikamwambia sumu ilikuwa yetu, aje anite mimi. Sikujua akacheka kidogo, akijificha kwenye kitenge.

Koko alituma mihogo mingine kutoka Nyangezi. Safari hii niliiloweka mimi, siku tatu kamili, maji mapya kila asubuhi, mabidoni manne, na mikono yangu ikatoka malengelenge. Muhogo ulivunjika kidoleni kama ndizi mbivu. Unga ulipokuwa tayari mademoiselle Aimée aliupima mbele yetu. Njano, kichupa cha kwanza hadi cha mwisho.

Jumapili maman alisonga bugali mkubwa wa unga ule, akapika sombe, kisamvu cha kwetu, na maharage, tukabeba vyote hadi kwa kina Sikujua. Maman akasimama mlangoni, ameshika bakuli kwa mikono miwili.

"Maman Salima," alimwambia mama yake Sikujua, "nyumba yako imebeba aibu ya nyumba yangu. Nimekuja kuomba msamaha, na kukurudishia unga."

Maman Salima alitukaribisha tuketi. Chakula kikawekwa katikati ya mkeka, maji ya kunawa yakapita. Papa Amuri aliangalia bugali. Koko wa Sikujua aliangalia bugali. Papa yangu mwenyewe, naapa, aliangalia bugali! Ulikuwa mweupe, unatoa moshi, na hakuna mkono uliosogea. Sikuwalaumu. Niliangalia magoti yangu.

Sikujua akanyoosha mkono. Akamega tonge, akalitia shimo kwa dole gumba, akachota sombe, akala. Alitafuna taratibu huku sote tukimtazama, akameza.

"Iko laini," alisema. "Kuleni sasa, itapoa."

Maman Salima akamfuata, na wengine wote. "Mutoto akikosea tunamfundisha," alisema akimpa Gracien kipande cha pili, "na akisema ukweli tunamwamini tena. Bila hivyo, nani angerudi kutuambia alichokosea? Shika ukweli, Bijou, hata ukikuaibisha. Aibu yako ilikuwa ya siku chache. Mutoto huyu ana miguu ya maisha yote."

Gracien hakumsikia. Alikuwa ameshamaliza, ameinuka, anakimbia kuzunguka mkeka. Nilimgeukia Sikujua nimwambie aksanti. Yeye alinisogezea bakuli la sombe, akaniambia nile.